Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Nandudu aliiweka turbo yangu juu ya gazeti la juzi,
akachukua bisibisi, akakwangua shafti.
Masizi yakadondoka, magumu,
kama yale ya kitako cha sufuria ya posho.
"Hii," akasema, "ndiyo oili yako."

Nilitazama pembeni.
Oili yangu naijua: dumu jeupe, lita tano,
elfu tisini na tano, ukibembeleza sana tisini.
Ndiyo aliyoitumia kaka yangu Chemonges gari likiwa lake,
naye aliapa kwamba oili ni oili,
tofauti iko kwenye karatasi ya dumu.

Dukani, Barabara ya Naboa,
madumu mawili yalisimama rafu moja
kama mawifi wasiosemezana.
La pili rangi ya dhahabu. Laki mbili na arobaini.
Nilihesabu: mfuko wa mbolea, na chenji ya nyama.

Nikamwuliza Nandudu tofauti.
Akaniuliza mimi: "Wewe si unabeba kahawa?
Ukikaanga punje za kila ukubwa chungu kimoja, huwaje?"
Ndogo huungua, kubwa hazijaiva.
"Haya. Oili ya kisimani ni hivyo.
Wameichuja, wameisafisha,
lakini ndani mna nene na nyembamba.
Moto wa turbo ukija, nyembamba hupaa,
nene hugeuka mkaa.
Hii ya kiwandani imepita chekeche moja."
Akapuliza masizi gazetini.
"Shafti huzunguka mara laki moja kwa dakika,
imelala juu ya utando mwembamba kuliko ngozi ya maziwa.
Huo utando ndio unaougombania bei."

Nililipa. Sitasema nililipa kwa moyo mweupe.
Nilitaka muhuri ufunguliwe mbele yangu,
nikanusa kifuniko kama ng'ombe anavyonusa chumvi,
maana mjini Mbale kuna watu
hujaza dumu la dhahabu
oili iliyokwisha kuzeekea kwenye basi la mtu mwingine.

Nandudu alipomaliza kumimina, akaegemea dirisha.
"Unakaa wapi?"
Juu ya Sipi.
"Kwa hiyo unapanda kona zote zile na simenti mgongoni,
unafika turbo nyekundu kama kaa,
unazima papo hapo, unaingia ndani kula."
Sikujibu.
"Ukizima, pampu inasimama,
oili inabaki palepale penye moto.
Hata hii ya laki mbili itaungua.
Itachelewa, lakini itaungua.
Ukifika, liache lingurume dakika mbili. Lipumue."

Laki mbili na arobaini,
kisha naambiwa dawa yenyewe ni bure!
Nilipanda mlima nikinung'unika hadi Sipi.

Sasa jioni nafika uani na siteremki.
Injini inanong'ona. Ukungu unashuka migombani.
Siku ya kwanza Yapkworei alichungulia,
akadhani nina deni jipya.
Siku ya pili alidhani kuna mtu kwenye simu,
akafunga dirisha kwa kishindo.
Ya tatu akafungua mlango wa abiria,
akaketi, mikono ina unga,
akauliza kahawa imepanda au imeshuka.

Nikamwambia. Imeshuka.
Akaniambia mambo ya ua wa jirani,
na jino la mtoto,
na kwamba amekuwa akiniogopa saa hii ya jioni
tangu mwaka juzi.

Kwetu hatukujua.
Chemonges, baba, mimi,
wote tulizoea kuzima tukiwa bado tuna moto.

Dakika zimekwisha. Nimegeuza ufunguo.
Turbo inatoa ule mluzi wake mwembamba,
unapungua,
unapungua.
Bado hatujashuka.